Ombi la mtafiti si kadi ya kijani: jibu kwa mchunguzi wa kupe

"Wakili, salamu. Mimi ni Mkenya, mtafiti wa magonjwa ya mifugo yanayoenezwa na kupe. Nilisoma uzamili Nairobi, nikafanya kazi maabarani miaka mitatu kuhusu ndigana kali, kisha mwaka 2019 nikaja Marekani kusomea uzamivu kwa ufadhili wa Fulbright, nikiwa na viza ya J-1, ya mabadilishano ya elimu. Ufadhili uliisha baada ya miaka mitatu na chuo kikaendelea kunilipa kama msaidizi wa utafiti. Nilihitimu 2024 na sasa ni mtafiti wa baada ya uzamivu. Profesa wangu ananilipa kutoka ruzuku yake ya Wizara ya Kilimo. J-1 yangu inaisha baada ya miezi kumi na minne. Nina makala tisa, nne kati yake mimi ndiye mwandishi wa kwanza, na zimenukuliwa mara 210 hivi. Nimepitia miswada kumi na saba ya majarida. Chuo kimeniambia hakiwaombei ukaazi watafiti wa ngazi yangu. Jirani yangu wa maabara, ambaye kazi zake zimenukuliwa zaidi ya mara elfu mbili, ananiambia nisijisumbue. Mwingine anasema nijiombee mwenyewe kwa njia ya maslahi ya taifa, na baada ya mwaka nitakuwa na kadi ya kijani. Mume wangu yuko hapa kwa J-2, viza ya familia ya mwenye J-1, na mtoto wetu alizaliwa hapa 2022. Mama yangu, aliyeko Kitale, ni mgonjwa na ningependa kwenda kumwona Desemba. Je, nina sifa za kutosha? Na nikishatuma ombi, nitaweza kwenda na kurudi?"

Daktari, pole kwa kuuguliwa na mama. Umeuliza mambo mawili, na yote nitayajibu, lakini niseme mapema kwamba neno lililonisimamisha niliposoma barua yako si idadi ya makala wala hizo mara 210. Ni neno Fulbright. Wewe na wenzako mmekuwa mkibishana kuhusu mlango ambao, kwa maoni yangu, una nafasi nzuri ya kuufungua, na hakuna aliyekuonyesha mlango ulio nyuma yake, ambao kwa sasa umefungwa kwa kufuli. Nitauendea huo wa pili baada ya kuueleza wa kwanza, kwa sababu bila kuuelewa wa kwanza utadhani kufuli ile inazuia kila kitu, na haizuii.

Tuanze kwa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyaita kwa jina moja. La kwanza ni ombi, yaani fomu I-140, ambayo hupelekwa kwa idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, na ambayo huuliza swali moja tu: je, mtu huyu na kazi hii wanaingia katika kundi lililotajwa na sheria? Ombi hilo likiidhinishwa halikupi ruhusa ya kufanya kazi, wala ya kukaa nchini hata siku moja zaidi ya zile ulizonazo. La pili ni foleni. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1990 iliweka viza 140,000 kwa mwaka kwa makundi yote ya ajira, na ndani ya hesabu hiyo wamo pia wake, waume na watoto wa wanaoomba. Kisha ikazuia wazaliwa wa nchi moja wasichukue zaidi ya asilimia 7. La tatu ni hadhi yenyewe ya ukaazi wa kudumu, yaani kadi ya kijani, ambayo hupatikana kwa fomu I-485 ikiwa uko ndani ya Marekani, au kwa viza ya uhamiaji ubalozini ikiwa uko nje. Rafiki yako aliyekuahidi kadi baada ya mwaka ameruka kutoka jambo la kwanza hadi la tatu bila kugusa ardhi.

Sasa kuhusu jirani yako mwenye marejeo elfu mbili. Yeye anazungumzia kundi la EB-1A, la watu wenye uwezo wa kipekee, na anarudia kosa la kawaida la kudhani kwamba kundi hilo ni la wenye tuzo ya Nobel na wanaowakaribia. Kanuni inasema hivi: ama una tuzo moja kubwa inayotambulika kimataifa, ama unatimiza angalau vigezo vitatu kati ya kumi. Watafiti wengi huingia kwa vigezo vitatu vile vile, navyo ni makala za kitaaluma, kuhukumu kazi za wengine (na kupitia miswada ya majarida kunahesabiwa), na mchango asilia wenye uzito mkubwa katika fani. Viwili vya kwanza unavyo bila ubishi. Cha tatu ndicho kinachotolewa jasho, kwa maana afisa hataki kusikia kwamba kazi yako ni mpya, jambo ambalo ni sharti la kila makala inayochapishwa, bali anataka kuona kwamba watu wengine wameitumia na kitu fulani kimebadilika.

Hata ukivipata vitatu, safari haijaisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa iliamua kesi ya mwanafizikia Kazarian, ikasema kwamba katika kuhesabu vigezo afisa hana ruhusa ya kuongeza masharti ya kwake mwenyewe: kanuni inataka makala, basi makala ni makala, na swali la kama zilipokelewa kwa shangwe ni la baadaye. Tangu hapo tathmini hufanywa kwa hatua mbili, kwanza kuhesabu vigezo, kisha kuupima ushahidi wote pamoja na kuuliza kama kweli mtu huyu ni miongoni mwa wachache waliofika kileleni mwa fani yao. Mwanafizikia mwenyewe, kwa bahati mbaya, alishindwa, kwa kuwa hata kwa hesabu iliyorekebishwa alikuwa na vigezo viwili tu. Nayataja haya ili ujue kwamba katika EB-1A hatua ya pili ndiyo inayoangusha wengi walio katika hatua yako ya maisha, na ukiniuliza leo, nitakwambia usianze na kundi hilo.

Lakini sababu yangu si ile ya jirani yako. Marejeo 210 katika fani ya vimelea vya damu vya ng'ombe si sawa na marejeo 210 katika fani ya saratani au ya akili mnemba, kwa kuwa wanaoandika kuhusu kupe ni wachache na wanaowanukuu ni wachache vile vile. Kulinganisha idadi hizo bila kutaja fani ni kama kulinganisha mavuno ya mahindi ya Kitale na ya Turkana bila kutaja mvua. Ukitaka idadi yako iseme kitu, linganisha makala yako na makala za fani hiyo hiyo za mwaka huo huo, na zaidi ya hapo, fungua makala zilizokunukuu uone zimekunukuu vipi. Makala moja inayosema "tulifuata njia ya fulani kupima vimelea" ina thamani kuliko kumi zinazokutaja katika sentensi ya utangulizi ukiwa na wenzako wanane ndani ya mabano.

Kundi la EB-1B, la maprofesa na watafiti mahiri, nitalipita haraka. Vigezo vyake ni vyepesi kidogo, viwili kati ya sita, pamoja na uzoefu wa miaka mitatu, lakini anayeomba ni mwajiri, na nafasi inayotolewa lazima iwe ya kudumu au isiyo na ukomo wa muda, ambapo mtu hutarajia kuendelea na kazi isipokuwa kuwe na sababu ya msingi ya kumwondoa. Nafasi yako ya sasa, inayoishi kwa ruzuku na kuhuishwa mwaka hadi mwaka, kwa kawaida haihesabiwi hivyo. Chuo kilipokwambia hakiwaombei watafiti wa ngazi yako hakikukudharau. Siku utakapopewa nafasi ya mwanasayansi wa kudumu, lifufue swali hilo.

Inabaki njia ya maslahi ya taifa, ambayo watu huiita NIW, na hapa ndipo ningependa tukae. Kwa msingi wake ni kundi la EB-2, la wenye shahada za juu, na shahada unayo. Kwa kawaida EB-2 hudai mwajiri, na hudai mwajiri huyo athibitishe kwa Wizara ya Kazi kwamba ametangaza nafasi na hakupata Mmarekani mwenye sifa. NIW ni ombi la kusamehewa madai hayo mawili, na ndiyo maana mtu anaweza kujiombea mwenyewe. Kuanzia 1998 msamaha huo ulipimwa kwa uamuzi uliohusu mhandisi wa madaraja wa New York, ambao ulikuwa mkali na wenye utata. Kisha tarehe 27 Desemba 2016 ukaja uamuzi wa Dhanasar, uliomhusu mtafiti wa mifumo ya kusukuma vyombo vya angani kwa kasi kubwa mno, ukaweka maswali matatu yanayotumika hadi leo. Je, shughuli unayokusudia kuifanya ina thamani kubwa na umuhimu wa kitaifa? Je, wewe uko katika nafasi nzuri ya kuiendeleza? Na je, ukipima pande zote, Marekani inanufaika kwa kukusamehe sharti la mwajiri?

Tazama vizuri swali la kwanza linauliza nini. Haliulizi kuhusu wewe wala kuhusu fani yako, bali kuhusu shughuli unayokusudia kuifanya. Maombi mengi ninayoletewa baada ya kukataliwa yalianguka hapo, kwa sababu mwombaji aliandika kurasa ishirini kuthibitisha kwamba magonjwa ya mifugo ni muhimu, na hakuna aliyebisha. Afisa alitaka kujua: wewe utafanya nini hasa, na kwa nini matokeo ya kazi hiyo yatavuka ukuta wa maabara yako? Mwongozo ambao USCIS iliutoa Januari 2025 umelikazia jambo hili, na tangu 2023 sehemu ya maombi ya NIW yanayoidhinishwa imeshuka sana, kwa hiyo barua ya jumla ambayo huenda ingepita miaka michache iliyopita leo hurudi na ombi la ushahidi zaidi, au hukataliwa.

Kwa bahati, shughuli yako ina hadithi ambayo wengi wangeililia. Mwaka 2017 katika jimbo la New Jersey alitambuliwa kupe mgeni wa asili ya Asia Mashariki, Haemaphysalis longicornis, ambaye jike lake huzaa bila dume na hivyo huweza kuanzisha kizazi kizima akiwa peke yake. Mwaka huo huo ng'ombe wa Virginia waligunduliwa na Theileria orientalis wa aina ya Ikeda, kimelea anayebebwa na kupe huyo, ambaye hukausha damu ya ng'ombe, hutoa mimba na wakati mwingine huua. Marekani haina chanjo wala dawa iliyoidhinishwa dhidi yake. Sasa fikiria afisa akisoma kwamba mwombaji alitumia miaka mitatu Nairobi akichunguza ndigana kali, inayoletwa na Theileria parva, ndugu wa karibu wa kimelea huyu, katika nchi ambako wafugaji wamepambana nayo kwa zaidi ya karne na ambako, huko Muguga, ilitengenezwa chanjo ya kumwambukiza ng'ombe kimelea hai huku akichomwa dawa kwa wakati mmoja. Uzoefu wako wa nyumbani, ambao nahisi uliuandika kwenye barua kama historia tu, ndio jibu la swali la pili. Wanasayansi wanaojua Theileria kwa mikono yao wenyewe hawajai katika nchi ambayo imeanza kuisumbukia hivi majuzi.

Kwa hiyo andika mpango wenye meno: ni kipimo gani unatengeneza, kitatumiwa na maabara za uchunguzi za majimbo yapi, profesa wako amepata ruzuku ya miaka mingapi, na utafanya nini ruzuku hiyo ikiisha. Usiandike kwamba utaokoa sekta nzima ya ng'ombe, kwani afisa hana sababu ya kuamini na wewe huna njia ya kuthibitisha.

Barua za wataalamu huja baada ya mpango, nazo huharibu maombi mengi kuliko zinavyoyajenga. Profesa wako aandike, lakini barua yake ni ya mtu wa nyumbani. Zenye nguvu ni za watu ambao hamjawahi kufanya kazi pamoja na ambao wametumia kitu chako: daktari wa mifugo wa jimbo aliyetumia kipimo chako, au mtafiti wa New Zealand, ambako Ikeda ilianza kuwasumbua wafugaji mwaka 2012, aliyefuata njia yako. Kila barua ieleze tendo moja kwa undani. Niliwahi kuletewa faili lenye barua sita kutoka mabara manne, na zote sita zilikuwa na kosa moja la tahajia katika jina la jarida lile lile. Ni kweli kwamba wataalamu wenye shughuli nyingi huomba upewe wewe kazi ya kuandika rasimu, na si haramu mwandishi akiipitia na kuikubali kama maneno yake, lakini mpelekee hoja na ushahidi, aandike kwa sauti yake.

Kuhusu gharama na muda, ada ya I-140 imekuwa dola 715 tangu Aprili 2024, na anayejiombea mwenyewe huongeza dola 300 za mfuko wa hifadhi ya wakimbizi. Ukitaka jibu la haraka kuna huduma inayogharimu zaidi ya dola 2,800, inayomlazimu afisa achukue hatua ndani ya siku 45 za kazi kwa NIW, na siku 15 za kazi kwa EB-1A. Hatua hiyo yaweza kuwa kukubali, kukataa au kudai ushahidi zaidi, na fedha haiongezi hata chembe ya uwezekano wa kukubaliwa. Tazama ada kwenye tovuti ya USCIS siku ile ile unayotuma, kwa sababu fomu yenye ada pungufu hurudishwa. Kukataliwa hakukufungii njia ya kuomba tena, wala hakuna kinachokuzuia kuwa na maombi mawili ya makundi tofauti. Siku ombi lako linapopokelewa huwa ndiyo tarehe yako ya foleni, na likiidhinishwa unaweza kuihamishia tarehe hiyo kwenye ombi la baadaye, hata la EB-1A. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kutuma NIW mapema kwa mtu kama wewe.

Foleni yenyewe hutangazwa kila mwezi na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Wewe huhesabiwa kwa nchi uliyozaliwa, kwa hiyo umo katika safu ya nchi nyingine zote, si ile ya wazaliwa wa India ambao husubiri zaidi ya miaka kumi katika EB-2. Hata hivyo, mwishoni mwa 2022 EB-2 ilianza kuwawekea tarehe hata wazaliwa wa safu yako, na tarehe hizo husonga mbele, husimama, na wakati mwingine hurudi nyuma. Asiyekutajia foleni hakukupa hesabu kamili.

Sasa kufuli. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, kifungu cha 212(e), inasema kwamba aliyekuja kwa J-1 akifadhiliwa na serikali ya Marekani au ya nchi yake kwa ajili ya mabadilishano ya elimu, au ambaye ujuzi wake umo katika orodha ya ujuzi unaohitajika na nchi yake, lazima arudi akakae nchini kwake jumla ya miaka miwili kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu, au viza za kazi za H au L. Fulbright ni mfano wa kwanza kabisa wa ufadhili huo. Kwamba ulidumu miaka mitatu tu, na kwamba leo unalipwa na chanzo kingine, hakuliondoi sharti. Likishakushika linabaki nawe. Mume wako, kwa kuwa yuko kwa J-2, limemshika pia. Kwa upande mwingine, ruzuku ya Wizara ya Kilimo ya profesa wako haileti sharti jipya kwa yenyewe, kwani ni fedha za utafiti, si za mabadilishano ya elimu. Orodha ya ujuzi ilirekebishwa Desemba 2024 na nchi nyingi zikaondolewa, habari ambayo iliwapa wengi furaha, lakini kwa aliyefadhiliwa na Fulbright marekebisho hayo hayabadilishi lolote.

Hapa ndipo tofauti ya yale mambo matatu inapoleta faida. Sharti la miaka miwili linazuia jambo la tatu, yaani hadhi. Halizuii ombi. Unaweza kutuma I-140 leo, ikaidhinishwa, na tarehe yako ikaanza kuhesabika, huku sharti likiwa palepale. Usichoweza ni kutuma I-485 na kupata kadi. Wapo waliotuma vyote viwili kwa kutojua, wakapoteza ada na, kibaya zaidi, wakaiacha J-1 yao iishe wakiamini kwamba wamelindwa na ombi linalosubiri.

Sharti hilo laweza kusamehewa kwa njia chache. Barua ya nchi yako kutokuwa na pingamizi, ambayo hupitia ubalozi wa Kenya mjini Washington, huwasaidia wengi walioshikwa na orodha ya ujuzi, lakini kwa aliyefadhiliwa na serikali ya Marekani mara nyingi sana haitoshi. Njia ya pili ni idara ya serikali ya shirikisho kuomba kwa niaba yako, ikieleza kwamba kuondoka kwako kutaidhuru kazi yake. Kwako mahali pa kubisha hodi ni Wizara ya Kilimo, kupitia profesa wako. Ni mlango mwembamba, nami sitaki ujenge maisha yako juu yake, lakini mtu anayefanyia kazi tatizo ambalo wizara yenyewe inalifadhili ana haki ya kuuliza. Ya tatu ni taabu isiyo ya kawaida kwa mtoto wako, ambaye ni raia kwa kuzaliwa. Hapo lazima uthibitishe kwamba ataumia kupita kiasi akienda nawe Kenya, na pia kwamba ataumia kupita kiasi akibaki bila wewe. Kukosa shule nzuri au kumkumbuka mama hakutoshi. Ugonjwa unaohitaji tiba isiyopatikana unaweza kutosha. Kama mtoto ni mzima, mshukuru Mungu na uiache njia hiyo. Ujue pia kwamba msamaha ukishapendekezwa, J-1 yako haiwezi kuongezwa tena, kwa hiyo mpangilio wa tarehe una uzito wake.

Utasikia pia habari za viza ya O-1, viza ya kazi ya muda ya watu wenye uwezo wa kipekee. Ni kweli kwamba 212(e) haiizuii, ila huwezi kubadilishia ndani ya Marekani. Lazima utoke ukaichukue ubalozini, na lazima awepo mwajiri au wakala wa kukuombea. Inanunua muda wa kazi, na haipunguzi hata siku moja ya ile miaka miwili.

Sasa nitasema jambo ambalo huenda hukulitarajia kwa wakili wa uhamiaji. Kwako, kurudi nyumbani miaka miwili si lazima kuwe kushindwa. Miaka hiyo inaweza kwenda sambamba na foleni ya EB-2, ambayo pengine ungeisubiri hapa kwa mashaka. Nairobi ina ILRI, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mifugo, na kuna ndigana ya kutosha kwa kila mtafiti. Ukiendelea kuchapisha pamoja na maabara yako ya Marekani, utarudi mezani na ushahidi mzito zaidi, na viza ya uhamiaji utaiombea ubalozini Nairobi. Hasara zipo, na sitazificha: mshahara, kazi ya mume wako, na hatari kwamba sera zitabadilika ukiwa nje. Hatari hiyo ya mwisho si ya kufikirika. Matangazo ya rais ya mwaka 2025 yalisitisha viza za uhamiaji na baadhi ya viza za muda, J ikiwemo, kwa raia wa Burundi mwezi Juni na wa Tanzania mwezi Desemba. Wasomaji wangu wa nchi hizo wasichukue ushauri huu wa kutoka nje kama ulivyo, na wewe pia usikate shauri kabla ya kusoma orodha iliyopo siku hiyo.

Nije kwenye Desemba. J-1 ni viza ya mtu anayekusudia kurudi kwao, tofauti na viza ya kazi ya H-1B ambayo inamruhusu mtu kukusudia mawili, kurudi kwao au kubaki. Tazama tarehe ya viza iliyobandikwa kwenye pasipoti yako. Kama bado ni hai na ina nafasi ya kuingia, na karatasi yako ya DS-2019, ile inayothibitisha mpango wako wa J-1, ina saini ya safari, utarudi bila kupita ubalozini, ingawa afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza. Kama imekwisha, utahojiwa Nairobi, na fomu ya maombi itakuuliza kama kuna ombi la uhamiaji lililowahi kutumwa kwa ajili yako. Ombi la kujiombea mwenyewe ni jibu la "ndiyo", na kuandika "hapana" ni udanganyifu unaoweza kukufungia Marekani maisha yako yote. Kusema kweli kuna uwezekano wa kukunyima viza, na hapo ungebaki Kitale huku mumeo na mtoto wakiwa hapa. Ndiyo maana, mimi ningekuwa wewe, ningekwenda kumwona mama kwanza, nikatuma I-140 baada ya kurudi. Utachelewa miezi michache katika foleni, na gharama hiyo naiona ndogo. Sikushauri umfiche afisa kusudio lako akikuuliza. Sharti la miaka miwili Kenya ni ukweli juu yako, na unaweza kulisema jinsi lilivyo.

Kabla ya hayo yote, kaa ana kwa ana na wakili mwenye leseni ambaye ameshughulikia 212(e), siyo NIW peke yake. Umpelekee DS-2019 zote tangu 2019, barua ya tuzo ya Fulbright na nakala ya viza. Ukitaka uhakika wa maandishi, Wizara ya Mambo ya Nje hutoa maoni rasmi kuhusu kama sharti limekushika, kwa sababu maneno yaliyopigwa kwenye viza hukosewa mara nyingine, kwa upande huu au ule. Ofisi ya wageni ya chuo itakusaidia kwa karatasi, lakini wakili wa chuo ni wa chuo. Na kama wewe au mume wako mmewahi kukamatwa, kufanya kazi bila ruhusa au kupitisha muda wa kukaa, mwambieni wakili huyo katika dakika kumi za mwanzo. Anayekuhakikishia ushindi kwa malipo ya mkupuo, bila kuuliza nani alilipia J-1 yako, mshukuru na uondoke.